Dashibodi ya Active Directory ni kijani tupu, lakini kila Jumatatu asubuhi tawi haliingii. Nyie mnapima nini?

#1 Binti_Seva
Wakuu habari. Nasimamia Active Directory (saraka ya Windows yenye akaunti na nenosiri za watumiaji) ya taasisi yenye makao makuu Dar na matawi Mwanza na Mbeya. Dar kuna DC (domain controller, seva inayoendesha saraka hiyo) mbili, kila tawi lina moja. Zote ni Windows Server 2019, mashine pepe juu ya Hyper-V. Nimefunga Zabbix ya kufuatilia seva, na Grafana inaonyesha kwenye skrini ya ofisini: ping, CPU, RAM, diski, huduma ya NTDS (saraka yenyewe), huduma ya DNS, mlango 389 (wa LDAP, lugha ya kuuliza saraka) kama unajibu. Vyote kijani.

Shida ni Mbeya. Kila Jumatatu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi kama saa tatu na nusu, simu hazikatiki. Mmoja anaambiwa nenosiri si sahihi. Mwingine anaingia lakini inachukua muda mrefu, na akishaingia haoni folda za Dar. Wengine wanaingia bila shida yoyote. Ikifika saa nne kila kitu kimetulia, na mimi naulizwa na bosi kwa nini dashibodi haikusema kitu. Nasema wazi, linanikera, kwa sababu swali lake ni la haki. Je, kwa huduma ya saraka mnapima nini hasa?

#2 Kijana_wa_Ilala
Nimeweka kiti. Kwetu Arusha kuna jambo linafanana na hili, ila ni baada ya sikukuu ndefu.

#3 Mzee_wa_Kebo
Anza na DNS, kitabu cha majina ya mtandao. Kompyuta haiijui DC kwa jina la mashine, inauliza DNS ipewe rekodi za SRV chini ya _msdcs, ndipo inajua imwendee nani. Hiyo rekodi ikikosekana, DC inaweza kuwa hai kabisa na watu wasiione.

Nipe jibu la jambo moja: kadi ya mtandao ya DC ya Mbeya imeelekezwa DNS ipi? Kama inajielekeza yenyewe peke yake, ikiwashwa inangoja AD imalize kusawazisha kwanza, na AD nayo inahitaji DNS ili impate mwenzake wa kusawazisha naye. Fungua logi ya DNS utafute tukio namba 4013. Huduma itaonekana "Running", dashibodi itaweka kijani, na hakuna anayejibiwa.

#4 Jongoo_Mtandao
Mzee kila ugonjwa ni DNS 😄 Mimi naweka kura yangu kwenye saa. Kerberos, mfumo wa tiketi unaothibitisha mtumiaji, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Mashine pepe na saa ni maadui wa siku nyingi. Endesha w32tm /monitor uone kila DC imepishana kiasi gani na mwenye jukumu la PDC (DC kuu ya saa na nenosiri).

#5 Pwani_Linux
Salamu toka Mombasa. Sisi hapa ni OpenLDAP (saraka isiyo ya Windows), na kitu cha kwanza kwenye dashibodi yetu si kama seva iko hai. Ni contextCSN. Kila seva ina alama ya badiliko la mwisho ililonalo. Unasoma ya bwana mkuu, unasoma ya wale wanaonakili, unatoa tofauti ya muda. Tofauti ikizidi dakika kadhaa inapiga kelele. Seva inaweza kujibu mlango 389 siku nzima huku inatoa majibu ya juzi. Dada hapo #1 amepima kama mlinzi yuko getini, hajapima kama ana orodha ya leo.

#6 Mzee_wa_Kebo
Pwani ulikuwa unasubiri Windows ikohoe tu uje. Lakini kwa hili umesema kweli. Kwetu inapatikana kwa repadmin /replsummary, safu ya "largest delta", yaani muda mrefu zaidi tangu kunakiliana kwa mwisho. Ukiona 1722, RPC (mwito wa seva kwa seva) haifiki, angalia laini na fayawoli. Ukiona 8524, ni DNS, Jongoo utanisamehe. Ukiona 8453, ni ruhusa.

#7 Binti_Seva
Asanteni. Nimeendesha leo Jumatano. Replsummary: makosa sifuri, Mbeya delta yake iko chini ya saa tatu. w32tm: tofauti ni chini ya sekunde moja kote. Kadi ya Mbeya inaelekea yenyewe kwanza, kisha DC ya kwanza ya Dar. Tukio 4013 sijaliona kwa wiki hizi.

#8 Jongoo_Mtandao
Umempima mgonjwa siku aliyokwisha pona. Majibu ya Jumatano hayasemi lolote kuhusu Jumatatu saa mbili. Ingiza delta na tofauti ya saa kwenye Zabbix, zichukuliwe kila dakika moja, urudi Jumatatu na grafu.

#9 Kitasa
Swali dogo. Wikendi tawi la Mbeya linazimwa?

#10 Binti_Seva
Ndiyo, Ijumaa jioni mlinzi anazima umeme wa jengo kwa agizo la usalama, Jumatatu kama saa mbili kasoro anawasha. UPS inaishikilia seva hadi inajizima yenyewe kwa utaratibu. Nilidhani hilo ndilo jibu, lakini uptime (muda tangu iwashwe) ya DC ya Mbeya haijakatika tangu viraka vya mwezi uliopita, na sioni tukio lolote la kuwaka upya siku ya Jumatatu. Hiyo ndiyo imenichanganya.

#11 Kitasa
Hapo hapo! Seva halisi inazimwa, lakini mashine pepe iliyo juu yake haizimwi, inalazwa. Chaguo-msingi la Hyper-V mwenyeji anapozimwa ni kuhifadhi hali ya mashine pepe kwenye diski, na akiwashwa anairudisha ilipoishia. Windows ya ndani haijui kama ililala. Kwa hiyo hakuna tukio la kuwaka, uptime haikatiki, na 4013 haitokei.

Sasa tazama saa. Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 62. DC ina kikomo kwenye huduma ya saa, MaxPosPhaseCorrection, na kwenye DC chaguo-msingi lake ni sekunde 172,800, yaani saa 48. Tofauti ikizidi hapo huduma hiyo, W32Time, inakataa kurekebisha. Ndiyo sababu ni Jumatatu tu. Umeme ukikatika usiku mmoja wa katikati ya wiki, saa inajirekebisha na hakuna anayejua.

#12 Jongoo_Mtandao
Nilisema ni saa. Nakazia bandiko la Kitasa. Kafunge mjadala.

#13 Chuma_cha_Pua
Msifunge. Kama W32Time imekataa kurekebisha, nani anairekebisha saa tatu na nusu kila Jumatatu? Kingeendelea kuwa kibovu hadi mtu aingize mkono. Isitoshe, huduma za ujumuishaji za Hyper-V zikiwa zimewashwa, mwenyeji anaipa mashine pepe saa sahihi mara tu inapoamka, bila kujali kikomo cha W32Time. Na kompyuta za Mbeya zinachukua saa kwa DC ya Mbeya. DC ikiwa na saa ya Ijumaa, nazo zitavutwa huko, zitaelewana zenyewe kwa zenyewe, na kukataliwa na seva za Dar. Hilo linaeleza folda za Dar kutoonekana. Halielezi "nenosiri si sahihi".

#14 Dawati_la_Msaada
Mimi si mtu wa seva, napokea simu za watumiaji, nimefanya kazi hii miaka mingi Dodoma. Naomba mnisikilize kuhusu huyo anayeambiwa nenosiri si sahihi.

Watu wengi hukumbuka Jumatatu kwamba nenosiri limekwisha muda. Wanapiga Dar, Dar wanabadilisha kwenye DC ya Dar, wanamwambia jaribu. Anajaribu kwenye DC ya Mbeya ambayo bado ina la zamani. Kinachotakiwa kutokea ni DC ya Mbeya kumuuliza mwenye jukumu la PDC kabla ya kumkataa, maana nenosiri jipya hupelekwa huko haraka. Lakini laini ya Mbeya kwenda Dar ikiwa bado haijasimama vizuri asubuhi hiyo, haulizi, anamkataa. Kisha anasubiri kunakiliana kwa kawaida. Kati ya site na site (yaani tawi na tawi) chaguo-msingi ni dakika 180, na kiwango cha chini unachoweza kuweka ni 15. Muulizeni dada: waliopiga simu, wangapi walikuwa wametoka kubadilishiwa nenosiri?

#15 Chuma_cha_Pua
#14 ni bandiko bora kuliko yote hadi sasa. Dakika 180 pia inaendana na hiyo "delta chini ya saa tatu" ya #7. Binti, site link yako (mpangilio wa kunakiliana kati ya matawi) haijaguswa tangu iundwe.

#16 Kijana_wa_Ilala
Mimi nina hofu nyingine. DC inalala kila wikendi, je haitavuka tombstone (kikomo cha DC kukaa bila kunakiliana)? Nakumbuka ni siku 60, baada ya hapo inakataliwa kabisa.

#17 Mzee_wa_Kebo
Siku 60 ilikuwa ya Windows 2000 na 2003 ya mwanzo. Msitu ulioundwa kuanzia 2003 SP1 ni siku 180. Ila angalia: ukiwa umepandisha daraja msitu wa zamani bila kugusa sifa hiyo, bado ni 60. Kuna 60 nyingine inayowachanganya watu, ya DFSR inayonakili SYSVOL, folda ya sera na skripti. Folda ikikaa bila kuwasiliana zaidi ya siku hizo inasimama na kutoa tukio 4012. Wikendi ya siku mbili na nusu haifiki huko. Lakini nimewahi kukuta ofisi ya wilaya DC imekaa stoo zaidi ya nusu mwaka, wakaichomeka, tukio 2042 likajaa logi. Hiyo hairudishwi, inajengwa upya.

#18 Pwani_Linux
Tukizungumzia DC iliyozimika, wangapi wanajua ya Maersk, kampuni ya meli? Juni 2017 virusi vya NotPetya vilifuta mashine zao dunia nzima, pamoja na DC zote, kama 150 hivi. Zilikuwa zimenakiliana zenyewe kwa zenyewe na hakuna aliyefikiri zote zitakufa siku moja, kwa hiyo nakala ya akiba ya DC hawakuwa nayo. Iliyopona ni moja tu, ya Ghana, kwa sababu umeme ulikatika kabla virusi havijafika na seva ilikuwa nje ya mtandao. Laini ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kutuma data yote ile. Wafanyakazi wa pale hawakuwa na viza ya Uingereza, ikabidi mmoja apande ndege hadi Nigeria, amkabidhi mwenzake diski uwanjani, naye aipeleke London.

#19 Kijana_wa_Ilala
Kumbe kukatika kwa umeme nako kuna baraka zake. Mlinzi wa Mbeya apewe barua ya pongezi 😂

#20 Mzee_wa_Kebo
Cheka, lakini somo la hapo liwekwe kwenye dashibodi: umri wa nakala ya akiba. AD yenyewe inakulilia kwa tukio 2089 pale sehemu ya saraka inapokaa muda mrefu bila kuhifadhiwa. Ni dashibodi ngapi mmewahi kuona zinaonyesha namba hiyo? CPU ipo, picha ya rangi rangi ipo, siku tangu nakala ya mwisho haipo.

#21 Mwana_wa_Mlango_389
Nirudi kwenye swali la #1, maana tumeenda Ghana na kurudi. Mlango 389 kujibu hakupimi kitu. Andika skripti inayofanya anachofanya mtumiaji: iulize DNS rekodi ya SRV, ifanye LDAP bind (kuingia kwenye saraka) kwa akaunti ndogo ya huduma, itafute kitu kimoja, ipime milisekunde. Ukitumia windows_exporter (programu ya kukusanya vipimo vya Windows), kuna kikusanyaji cha ad lakini hakiko wazi kwa chaguo-msingi, lazima ukitaje. Humo utapata muda wa utafutaji wa LDAP na maombi ya replikesheni yaliyopanga foleni.

#22 Chuma_cha_Pua
Nakubali, nikusahihishe pamoja: bind ya kawaida ya jina na nenosiri haigusi Kerberos hata kidogo. Itapita hata saa ikiwa imepinda. Ongeza hatua ya kufuta tiketi kwa klist purge kisha kuomba tiketi mpya ya seva ya mafaili ya Dar, halafu usome faili moja ndani ya SYSVOL. Hapo umepima saa, mlango 88 (wa Kerberos), mlango 445 (wa mafaili) na DFSR kwa pamoja. Na skripti iendeshwe toka PC ya Mbeya. Kuipima Mbeya ukiwa Dar ni kujipima mwenyewe.

#23 Kitasa
Jambo jingine linaloficha ukweli: Windows inakumbuka watu wa mwisho 10 walioingia kwenye PC. DC isipopatikana, hao wanaingia kwa kumbukumbu ya ndani. Kwa hiyo "wengine wanaingia bila shida" ya #1 si ushahidi kwamba DC ilikuwa inajibu. Uliza walioshindwa walikuwa kwenye PC zao au za kuazima.

#24 Binti_Seva
Nimerudi na mambo, poleni kwa urefu.

Kwanza, nimechimba Zabbix. Kumbe kuna kipindi cha matengenezo kimewekwa Ijumaa saa kumi na mbili hadi Jumatatu saa tatu na nusu kwa matawi yote, aina ya bila kukusanya data. Kiliwekwa kabla sijaajiriwa, ili simu zisilie wikendi. Kwa hiyo saa ile ile watu wanalia, dashibodi ilikuwa haipimi chochote, inaonyesha rangi ya Ijumaa.

Pili, Kitasa uko sahihi kuhusu kulazwa. Mpangilio wa VM (mashine pepe) ni kuhifadhi hali. Kwenye logi ya Mbeya kuna tukio namba 1 la Kernel-General: saa imeruka toka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, mara moja tu, saa mbili kasoro.

Tatu, nimefungua netlogon.log ya DC za Dar. Kuna mistari mingi ya NO_CLIENT_SITE (PC isiyojulikana ni ya tawi gani), anwani zote ni za ghorofa ya pili Mbeya. Mtandao wa huko ulibadilishwa tulipofunga swichi mpya, na subnet yake (kundi la anwani) haimo kwenye Sites and Services, orodha ya AD ya anwani na matawi.

#25 Chuma_cha_Pua
Basi nadharia ya saa imeokoka na kufa kwa tukio hilo hilo. Saa iliruka, ndiyo, lakini ilirekebishwa ndani ya dakika ile ile. Haiwezi kuwa sababu ya saa nzima na nusu ya malalamiko.

#26 Jongoo_Mtandao
Haijafa. Tiketi zilizotolewa na seva za Dar wikendi, PC zilizowashwa kabla DC haijaamka, saa za PC zenyewe... Sikubali hadi nione saa za PC tatu pale saa mbili na dakika tano.

#27 Mzee_wa_Kebo
Ghorofa ya pili sasa inaeleweka bila saa wala nenosiri. Subnet isipofahamika, PC inaweza kupewa DC yoyote, ya Mwanza au ya Dar, na sera zote za kikundi zinavutwa kupitia laini nyembamba wakati ofisi nzima inafungua barua pepe. Siku nyingine laini ina nafasi, hawalalamiki. Jumatatu asubuhi haina.

#28 Dawati_la_Msaada
Mzee, hilo linaeleza kuchelewa. Mimi bado namsubiri wa nenosiri. Yeye yuko ghorofa gani?

#29 Binti_Seva
Nimeuliza. Wawili wa ghorofa ya kwanza, mmoja wa pili. Wa ghorofa ya kwanza wote walibadilishiwa na Dar asubuhi ile ile. Wa pili anasema hakugusa nenosiri lake.

#30 Dawati_la_Msaada
Wawili ni wangu. Wa tatu mwachieni Jongoo 😊

#31 Mwana_wa_Mlango_389
Huyo wa tatu akaguliwe kama akaunti ilifungwa. Tukio 4740 kwenye DC yenye jukumu la PDC litataja PC iliyosababisha. Mara nyingi ni simu ya mkononi yenye nenosiri la zamani la barua pepe.

#32 Kitasa
Dada, usingoje Jumatatu. Badilisha mpangilio leo, VM izimwe badala ya kulazwa. DC kulazwa wikendi nzima si jambo la kuacha hata kama halikuhusiana na simu hizi. Ongeza subnet, shusha site link hadi dakika 15, futa hicho kipindi cha matengenezo.

#33 Jongoo_Mtandao
Napinga. Akibadilisha vyote leo, Jumatatu ikipita salama hatajua kilichoponya, na sikukuu ijayo kitarudi kwa jina jingine. Abadilishe kipindi cha matengenezo peke yake, akusanye data, mengine Jumanne.

#34 Kitasa
Wewe unataka grafu, yeye ana tawi zima la wananchi wanaosubiri huduma dirishani. Halafu kumbuka ukianza kuizima kabisa, 4013 ya Mzee nayo itapata nafasi yake Jumatatu. Kwa hiyo kadi ya mtandao ielekee Dar kwanza, yenyewe iwe ya pili.

#35 Mzee_wa_Kebo
Hatimaye 😄 Ila na hilo lina ubaya wake, laini ikikatika kila ombi la DNS litasubiri Dar kwanza kabla ya kujibiwa nyumbani.

#36 Binti_Seva
Nimeamua hivi. Kipindi cha matengenezo nimekifuta na subnet nimeiongeza, hizo hazina mjadala. Kulazwa na dakika 180 naviacha hadi Jumatatu. Skripti ya #22 nimeiweka kwenye PC mbili Mbeya, moja kila ghorofa, inaanza saa moja na nusu asubuhi na kupima kila dakika, pamoja na tofauti ya saa ya PC yenyewe kwa ajili ya Jongoo. Dar nimewaomba waandike muda wa kila nenosiri watakalobadilisha.

#37 Pwani_Linux
Ongeza na ping ya laini ya Dar toka PC hizo hizo, vinginevyo tutabishana tena kama laini ilikuwa imesimama. Na mlinzi aandike saa aliyowasha umeme.

#38 Kijana_wa_Ilala
Nimekagua kwetu. VM zote tatu za DC zimewekwa kulazwa. Binti, ukipata matokeo weka na hiyo skripti yenyewe hapa, tafadhali.